Niliyoyapata kwa Kusimama Bandani

Kazi zote nilizofanya katika biashara ya programu za kompyuta nimezipenda kwa kiasi chake, ila ya kusimama bandani wakati wa maonyesho ya kibiashara ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha zaidi. Nimekaa kwenye huduma kwa wateja, nimeandika miongozo ya watumiaji, nimefundisha watu kutumia programu tuliyowauzia. Kote huko nilikutana na mteja akiwa ameshakwama, tena mara nyingi ameshakasirika. Kwenye maonyesho watu walikuja kwa miguu yao wenyewe, wana hamu ya kuona, na walioiandika programu wamesimama palepale.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Tulitengeneza programu ya kutunza hesabu za bohari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na lini kiagizwe tena. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikuwa watu wa daftari. Majirani zetu ukumbini walikuwa na michezo, ramani zinazozunguka na picha zinazotembea, wakati sisi tulikuwa na jedwali lenye safu za namba. Kwa hiyo kila aliyesimama mbele ya meza yetu tulimthamini sana. Hakuvutwa na rangi wala muziki. Namba zile zilimhusu.

Watu wengi huyajua maonyesho kuanzia milango inapofunguliwa. Mimi niliyapenda kuanzia siku ya kujenga. Ukumbi utakaong'aa kesho yake, siku hiyo ni sakafu tupu ya zege yenye alama zinazoonyesha mipaka ya kila banda. Foklifti zinapita zikilia, makreti yamepandana hadi kimo cha mtu, mazulia yamefunikwa nailoni yasichafuke, na mafundi umeme wanafungua mifuniko ya mifereji ya sakafuni ili kupitisha nyaya. Kila kitu kimeagizwa mapema kwa fomu: meza, viti, taa, soketi, laini ya intaneti, hata kapu la taka. Usichokiandika kwenye fomu ama hukipati, ama unakipata kwa bei ya kuumiza. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma mwongozo wa waonyeshaji neno kwa neno. Katika kumbi nyingi, kwa mfano, umeme wa mabanda huzimwa usiku, na anayetaka mashine yake ibaki inawaka hadi asubuhi lazima aombe umeme wa saa 24 na kuulipia mapema. Wasiolijua hilo huikuta seva yao imezimika asubuhi, wageni wako mlangoni.

Aliyetufunza hayo yote alikuwa mkuu wetu wa maonyesho, mwanamke mzoefu tuliyemwita Dada Mkubwa. Alikuwa na sanduku lake la bati ambalo halikuachana naye: solotepu pana, mkasi, ekstensheni, kebo za akiba za skrini, kalamu, betri, bisibisi, na plasta za kubandika kwenye visigino. Kebo yoyote iliyolala mahali pa kupita watu aliikandamiza kwa solotepu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaipita kwa miguu kuhakikisha haimkwazi mtu. Baada ya hapo alituita tukae juu ya makreti na kutupa masharti yake. Bandani hakukaliwi. Bandani hakuliwi. Hakuna kusimama wafanyakazi watatu mkizungumza wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu mgeni akiwaona mmekusanyika hivyo huona haya kuwakatiza, na anapita. Mikono isifungwe kifuani. Simu ikae mfukoni.

Sharti lake lililonikaa zaidi lilihusu maneno ya kwanza. Alitukataza kumuuliza mgeni, "Naweza kukusaidia?" Swali hilo lina jibu moja tu, "Hapana, naangalia tu," na mazungumzo yamekufa hapo. Alitaka tuulize jambo linalomfanya mtu aeleze kazi yake: "Bohari yako unaitunzaje kwa sasa?" Nililijaribu mara ya kwanza kwa bwana mmoja aliyekuwa akipita haraka, mkoba begani. Alisimama, akacheka, akasema, "Naitunza kwa kuomba Mungu." Alikaa nasi muda mrefu. Alitueleza jinsi wafanyakazi wake wanavyohesabu mali mwisho wa mwezi, jinsi hesabu isivyolingana na karatasi, na jinsi wanavyogombana kuhusu nani aliyetoa nini bila kuandika. Sikuwa nimegusa kipanya. Nilipokuja kukigusa, nilijua nimwonyeshe nini na nimwachie nini, na sehemu kubwa ya programu sikumwonyesha kabisa maana haikumhusu.

Nataka nieleze kwa kirefu kisa cha mtunza bohari mmoja, kwa sababu ndicho kilichonifanya niyaamini maonyesho.

Alikuwa mama wa makamo. Alisimama pembeni akatazama maonyesho yetu kwa wageni wengine, hakuuliza kitu, kisha akasogea. "Mwanangu, naomba nijaribu mwenyewe." Nikamwambia, "Karibu mama, keti hapa," nikimpa kiti pekee kilichoruhusiwa bandani, kile cha mgeni. Alifungua mkoba akatoa fungu la hati za kupokelea mizigo, hati zake za kweli, zenye mikunjo na mihuri. Akaziweka kushoto mwa kibodi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akakiweka kwenye mstari wa kwanza wa karatasi. Mkono wa kulia akaulaza juu ya zile namba zilizo kando ya kibodi, upande wa kulia. Kisha akaanza kuandika.

Hakuitazama skrini. Macho yalikuwa kwenye karatasi, kidole cha kushoto kikishuka mstari baada ya mstari, mkono wa kulia ukiandika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona ofisini kwetu. Namba, kitufe cha kuingiza, namba, kitufe cha kuingiza. Shida ni kwamba katika programu yetu kitufe hicho hakikuupeleka mshale kwenye kisanduku kinachofuata. Ulibaki palepale, ukimsubiri mtu abonyeze kwa kipanya. Aliandika mistari kadhaa ikapandana kwenye kisanduku kimoja kabla hajainua macho. Akasema kwa upole, "Hapa ndipo mnaponikatisha."

Nyuma yangu alisimama kijana aliyeiandika sehemu ile. Alikuja kwenye maonyesho kwa shingo upande, maana hakupenda umati, na siku nzima alikuwa amejificha karibu na printa. Sasa alisogea hadi kwenye bega la mama yule. Akamwonyesha namna ya kuhama kwa kipanya. Mama akajaribu, akaenda mistari michache, akakosea namba ya bidhaa. Programu ikatoa ujumbe mwekundu juu ya skrini, mkubwa, wenye maelezo mazuri. Mama hakuuona. Aliendelea mistari mingine minne.

Kijana akauliza, "Mama, mbona huangalii skrini?"

"Nikiangalia skrini, karatasi ataiangalia nani?"

Niliuona uso wa kijana ukibadilika. Programu ile ilikuwa imejaribiwa miezi mingi, lakini walioijaribu walikuwa watu wa kompyuta, ambao macho yao hayaondoki kwenye skrini na ambao hawana karatasi yoyote mezani. Katika majaribio hayo yote hakuna aliyekaa na fungu la hati zenye mihuri. Kijana alitoa daftari, akapiga goti kando ya kiti, akaanza kumuuliza mama yule maswali: hati huwa ngapi kwa siku, nani huzileta, zikikosewa hurekebishwaje, anapendelea kuambiwa vipi kuwa amekosea. Mama akamwambia programu aliyoitumia zamani ilikuwa ikilia mlio mfupi, na mkono ulisimama wenyewe hata kabla ya kufikiri.

Usiku ule kijana hakulala mapema. Mashine za kuonyeshea zilikuwa hazigusiki, hiyo ilikuwa amri, kwa hiyo alifanya mabadiliko kwenye laptopu yake mwenyewe: kitufe cha kuingiza kikahamisha mshale, na namba isiyojulikana ikatoa mlio na kumzuia mtu kwenda mbele. Kesho yake mama alirudi pamoja na mhasibu wa kampuni yake. Kijana ndiye aliyemkimbilia. Akamketisha, akamwekea kibodi, na mama akalimaliza fungu lote. Mahali fulani katikati mashine ililia, na mkono wake ukasimama palepale, macho yakafuata baadaye. Aliangua kicheko. Mhasibu akaanza kuuliza habari za leseni.

Baada ya hapo tulilazimika kumsihi kijana yule aende kula.

Kisa hiki kina ndugu zake wakubwa katika historia ya programu, na Dada Mkubwa aliipenda sana historia hiyo. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walikuwa wakiionyesha VisiCalc waliyoitunga wenyewe, lahajedwali (yaani jedwali la kupigia hesabu) la kwanza kwa kompyuta ndogo za binafsi, kwenye maonyesho ya kompyuta kabla halijaanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Bricklin amesimulia jinsi watu wa kompyuta walivyoliona kuwa kitu cha kawaida tu, ilhali mtu aliyekuwa akipiga hesabu za fedha kwa karatasi na penseli alitetemeka alipoona namba moja ikibadilishwa na nyingine zote zikijirekebisha. Programu ile ile, skrini ile ile. Tofauti ilikuwa kazi aliyoiacha mtazamaji mezani kwake. Dada Mkubwa alitusimulia hayo asubuhi, tukifungua mafungu ya vipeperushi, akituhimiza tumtafute katika umati yule mwenye karatasi na penseli.

Jambo la pili nililolipata bandani ni heshima kwa onyesho la moja kwa moja. Mtu akiwa hajawahi kulifanya, hudhani ni kubonyeza vitufe mbele ya watu. Kumbe kuna matayarisho mengi nyuma yake. Toleo la programu hufungwa siku kadhaa kabla, na hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kurekebisha hata herufi moja, hata akiona hitilafu. Data za kuonyeshea hutungwa kwa uangalifu: bohari yenye bidhaa zinazoeleweka, majina yasiyo ya mteja yeyote wa kweli, upungufu mmoja uliopangwa ili mgeni aone onyo likitokea. Kila kitu hukaa ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa intaneti ya ukumbini, watu wakijaa na kila mmoja ana simu, huwa ya kubahatisha. Kuna mashine ya pili iliyo tayari chini ya meza. Na kuna njia moja iliyopangwa ya kulirudisha onyesho mwanzo kwa haraka, ili mgeni anayefuata asikute fujo ya aliyetangulia.

Hata makampuni makubwa yamefikwa na la kufikwa. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX huko Chicago, Bill Gates, mkuu wa Microsoft, alikuwa jukwaani na msaidizi wake Chris Capossela, wakionyesha Windows 98, toleo la programu yao ya kuendeshea kompyuta lililokuwa halijatoka. Capossela alichomeka skana, na skrini nzima ikageuka buluu yenye maandishi ya hitilafu mbele ya ukumbi uliojaa. Watu walicheka na kupiga makofi. Gates alisema kwamba hiyo lazima ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza, na maonyesho yakaendelea. Windows 98 ilitoka mwezi Juni mwaka huohuo. Kilichonifaa mimi katika kisa hicho ni utulivu wake. Dada Mkubwa alitufanyisha mazoezi hayo hasa: alizima skrini ghafla tukiwa katikati ya maelezo, akatutaka tuendelee kuzungumza na mgeni kuhusu bohari yake huku mwenzetu akishughulikia mashine. Ukiwa umemsikiliza mgeni tangu mwanzo, una la kuongea naye hata skrini ikiwa nyeusi.

Na kwa upande wa ujasiri, hakuna onyesho ninalolistaajabia kama la mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart, la tarehe 9 Desemba 1968 huko San Francisco. Kwa muda wa dakika 90 alionyesha kipanya, viungo vya kuruka kutoka andiko moja hadi jingine, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi kwenye andiko moja huku wakionana kwa picha. Kompyuta yenyewe haikuwa ukumbini. Ilikuwa kwenye maabara yao huko Menlo Park, takriban kilomita 50, na mawasiliano yalipita kwa mawimbi ya redio na laini za simu. Bill English ndiye aliyesimamia mitambo hiyo yote. Kila nilipovuta kebo ya mita kumi na kuomba isikatike, niliwafikiria watu wale, na moyo ulitulia.

Swali tulilojifunza kulijibu kwa uangalifu kuliko yote lilikuwa, "Itatoka lini?" Mgeni anaona jambo ambalo bado halijakamilika, anafurahi, anataka tarehe, na ulimi unakuwasha umpe. Kwetu ilikuwa mwiko. Microsoft waliitangaza Windows mwezi Novemba 1983 na toleo la kwanza likafika sokoni Novemba 1985, baada ya miaka miwili mizima ya watu kuuliza. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia maulizo ya miaka miwili, ndogo haiwezi. Tulimwambia mgeni kinachofanya kazi leo, tukamwonyesha, na kuhusu kisichofanya kazi tukamwambia hakifanyi. Niliwahi kudhani jibu hilo linafukuza watu. Nilishangaa jinsi mabega ya wageni yalivyoshuka walipolisikia, kwa kuwa mabanda mengi waliyotoka kuyapita yaliwaambia ndiyo kwa kila kitu.

Kuna maswali ambayo sikuyategemea na ambayo yalirudi siku nzima. Nilidhani watu wangeuliza bei kwanza. Wengi waliuliza, "Data zangu za zamani zitaingiaje humo?" Walikuwa na miaka ya kumbukumbu kwenye lahajedwali zilizoandikwa na watu walioshaondoka kazini, bidhaa moja ina majina matatu, tarehe zimeandikwa kila mtu kwa mtindo wake. Na waliokwisha kuumwa na nyoka waliuliza la pili: "Nikitaka kuwaacha siku moja, nitazitoaje?" Mwaka uliofuata tulibadilisha bango letu. Orodha ndefu ya uwezo wa programu tukaiondoa, tukaandika kwa herufi kubwa jinsi data zinavyoingia na jinsi zinavyotoka. Watu walisimama mbele ya bango wakalisoma hadi mwisho, jambo ambalo bango la kwanza halikuwahi kulipata.

Wanafunzi nao. Katika maonyesho mengi kuna siku au saa ambazo vijana wa vyuo hujaa, wakiokota kalamu na mifuko, na baadhi ya waonyeshaji huwageuzia mgongo kwa kuwa hawanunui. Sisi tuliwakaribisha, na hakuna wageni walionifurahisha kuliko wao. Msichana mmoja alitazama jedwali letu kimya, kisha akauliza: "Ikiwa kimebaki kitu kimoja tu boharini, na makarani wawili kwenye kompyuta mbili wakakitoa kwa wakati mmoja, inakuwaje?" Kijana wetu wa printa alifika mbio. Alichukua kipeperushi, akakigeuza upande mtupu, akamchorea: karani wa kwanza anasoma moja, wa pili anasoma moja, wote wanaandika sifuri, na sasa wateja wawili wameahidiwa kitu kimoja. Kisha akamchorea kufuli, yaani programu inavyoushikilia mstari ule hadi karani wa kwanza amalize, ndipo wa pili asome upya na kukuta hakuna. Msichana akauliza itakuwaje karani wa kwanza akienda kula na kuuacha mstari umeshikiliwa. Wakaanza upande mwingine wa karatasi. Mimi nilisimama nikiwatazama, nikaona fahari kufanya kazi kampuni moja na mtu anayefurahia swali kiasi kile.

Sitausahau pia ujirani. Banda la mkabala lilikuwa la washindani wetu, watu waliouza programu ya aina ileile. Siku ya kwanza tulisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Siku iliyofuata balbu ya projekta yao iliungua kabla tu ya onyesho lao kubwa, na Dada Mkubwa alinituma niwapelekee ya kwetu ya akiba. Nilimuuliza kama ana hakika. Alinitazama akasema, "Mwenzako akiwa gizani humuuzii mtu chochote cha maana." Tangu hapo tulilindiana meza, tulichekeana, tulibadilishana viti. Baadaye wao wenyewe walianza kutuletea wageni, kwa kuwa programu yao ilifaa viwanda vyenye mabohari mengi na ya kwetu ilifaa mwenye bohari moja au mawili. Nasi tuliwavusha wenye viwanda upande wao. Biashara iliyokuja kwa njia hiyo ilidumu, maana kila mteja alikuwa amefika mahali pake.

Kisha kuna kadi. Siku hizi beji ya mgeni huskaniwa na jina lake linaingia kwenye orodha, na hilo ni jambo jema, lakini orodha ile haikuelezi mtu alisema nini. Dada Mkubwa alitutaka tuandike nyuma ya kadi ya biashara mara tu mgeni anapogeuka, kabla ya kumsalimia mwingine. Ninazo baadhi hadi leo. Moja nimeandika: "Bohari 2, daftari la mkono, binti yake ndiye anajua kompyuta, aogopa kupoteza kumbukumbu za mwaka jana. Azungumze na binti." Nilipompigia mzee huyo wiki iliyofuata, nilianza kwa kumuulizia binti. Mauzo yetu mengi hayakufanyika bandani hata kidogo. Yalifanyika katika wiki mbili baada ya maonyesho, na aliyechelewa kupiga simu alikuta mteja ameshasahau sura yake.

Jioni, ukumbi ukishafungwa, miguu inawaka moto na sauti zimekauka, tulikaa juu ya zulia kuzunguka meza na kila mtu alisimulia kisa kimoja cha siku hiyo. Mhasibu wa kampuni, aliyekuja kusaidia kugawa vipeperushi, alisimulia. Dereva aliyeleta makreti alisimulia, na yeye ndiye aliyegundua kwamba wageni wengi walijaribu kugusa skrini ambayo haikuwa ya kugusa. Kijana wa programu aliandika yote. Ofisini tulikuwa na vyeo na milango. Pale zuliani hakukuwa na mlango, na maneno ya dereva yaliingia kwenye toleo lililofuata sawa na ya mkurugenzi.

Maonyesho makubwa yaliyotawala enzi hizo yamekwisha. COMDEX, iliyoanza Las Vegas mwaka 1979 na kufikia kupokea watu zaidi ya 200,000, ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2003. CeBIT ya Hannover, Ujerumani, iliyopata wageni zaidi ya 800,000 mwaka 2001, ilifungwa baada ya ile ya 2018. Makampuni makubwa yaliona bora yaandae mikutano yao yenyewe au yatangaze bidhaa moja kwa moja kwenye intaneti, na mnunuzi naye akawa na njia ya kujaribu programu akiwa kwake. Sababu hizo nazielewa na sizilaumu. Maonyesho yaliyobaki, mengi yakiwa ya fani moja moja, naona yamekuwa bora kwa kampuni ndogo: wageni ni wachache lakini wamekuja na kazi zao kichwani, na kuna nafasi ya kumketisha mtu na hati zake.

Mara kwa mara nafuatwa na watu wenye kampuni changa wanaotaka kujua kama inafaa walipie banda. Huwauliza nani atakayesimama humo. Wakiniambia wameajiri watu wachangamfu wa kugawa vipeperushi, nawashauri wazitunze fedha zao kwanza. Wakiniambia atakuja yule aliyeiandika programu, nawauliza kama wameshaagiza kiti cha mgeni, na kama meza ina nafasi ya kutosha kushoto mwa kibodi.